Nikate, Nisikate?

Mwezi huu tuzungumze habari ya kichwa. Sina maana ya akili. Nasema kichwa chenyewe, na nywele zilizo juu yake, au zilizokuwa juu yake.

Jioni moja alikuja kwangu mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye tunaimba naye kwaya. Alikaa, akanywa chai, akazungumza habari za bei ya mchele hadi nikajua kwamba silo lililomleta. Halafu akavua kilemba. Mbele, kutoka sikio hadi sikio, palikuwa wazi kwa upana wa vidole viwili, ngozi inang'aa. Nyuma ya hapo zilibaki nywele nyembamba zilizochoka.

"Dada," akasema, "nataka kunyoa zote. Nisaidie kuamua."

Nikamwuliza mume wake anasemaje. Akatazama chini. Kumbe baba watoto hajui lolote. Miaka miwili mama huyu amelala na kilemba, ameoga mlango umefungwa kwa komeo, na wigi analivaa kabla mwenzake hajaamka. Mume akinyoosha mkono kumshika kichwa, yeye hukwepa. Mume naye, kwa kukwepwa, siku hizi hanyooshi mkono.

Mama wenzangu, niliposikia hayo niliona kwamba habari ya mkasi ni ndogo kuliko tulivyodhani. Lakini swali alilouliza ni la mkasi, na mtu akikuuliza swali yafaa umjibu alilouliza kwanza.

Nilianza kwa kumsimulia kisa changu, maana mimi niliwahi kukata kwa hasira. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi minne, nywele zikawa zinatoka kwa mafungu kila nikichana. Siku moja, baada ya maneno na mwenzangu ambayo hata hayakuhusu nywele, nilichukua mkasi wa kushonea nikakata zote mbele ya kioo. Jumapili nilipoingia kanisani mama mmoja mtu mzima alinishika mkono kwa huzuni akaniuliza, "Pole mwanangu, ni nani aliyetutoka?" Kwao mwanamke hanyoi ila kwa msiba. Nyumbani nako palikuwa kimya siku tatu, kama msiba kweli. Na kumbe sikuwa na haja ya kukata. Nywele zinazotoka miezi michache baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, na aghalabu huwa zimerudi mtoto anapotimiza mwaka. Kama unanyonyesha na nywele zinakutoka hivyo, ngoja kidogo.

Yule jirani yangu, hata hivyo, hakuwa na mtoto mchanga. Alikuwa na historia ambayo wengi wetu tunayo. Tulisoma shule ambazo msichana hunyolewa, tukamaliza kidato cha nne, na kabla matokeo hayajatoka tukawa tumeshaweka dawa. Tangu hapo wengi hatujaona tena nywele tulizozaliwa nazo. Dawa ikishika, juu yake tunasuka rasta. Rasta zikifumuliwa tunashonea nywele za bandia. Na msusi hodari kwetu ni yule anayevuta mpaka nyusi zinapanda na usiku unameza kidonge cha maumivu ndipo ulale.

Sasa tazama kinachotokea. Dawa ya kunyoosha hufanya kazi kwa kuvunja viungo vya ndani vinavyoufanya unywele wetu ujikunje. Nyingine zina magadi makali ya aina ileile inayotumika kuzibulia mabomba yaliyoziba. Unywele ulionyooshwa hivyo haurudi kuwa kipilipili tena. Kipilipili huota upya kutoka kwenye shina, na pale mpya unapokutana na ule wa dawa ndipo unapokatika. Juu ya unywele huo dhaifu tunaning'iniza uzito wa rasta, na mahali panapoumia kwanza ni pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio. Ukiacha kuvuta mapema, nywele huota tena. Ukiendelea miaka mingi, shina lenyewe huwa kovu, na hapo hakuna mafuta ya sokoni yatakayoliamsha, hata kama muuzaji anaapa.

Kuna na jambo jingine ambalo mama wa makamo yafaa alijue. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka, walikadiria kwamba wapatao 4 katika kila 100 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa wasiozitumia, walikuwa chini ya 2. Utafiti huo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Lakini mimi binafsi ulinitosha.

Basi nilimwambia jirani yangu asianzie kwa kinyozi, aanzie kwa daktari wa ngozi. Sisi wa huku Moshi tuna bahati, maana pale KCMC kipo kituo cha magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990. Si kila kipara kimeletwa na rasta. Kuna mapunye, kuna upungufu wa damu, kuna ugonjwa wa tezi la shingoni, na hayo mkasi hauyagusi. Nilimweleza pia asidanganyike kwamba kunyoa hufanya nywele ziote haraka au ziwe nene. Unywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, unyoe usinyoe. Faida ya kunyoa kwake ilikuwa moja tu: kumwondolea kitu cha kuvuta.

Na si lazima mtu anyoe zote. Mwenye subira anaweza kuacha dawa, akasuka twende kilioni zisizokaza, na kila baada ya miezi miwili akapunguza ncha, mpaka baada ya mwaka mmoja au miwili ile ya dawa imekwisha yote. Ni njia ndefu, na katikati yake nywele za aina mbili kichwani ni mateso kuchana. Mimi ningekata. Na ukienda kwa kinyozi, simamia aisafishe mashine kwa spiriti mbele ya macho yako, usije ukaondoa nywele ukapata mapunye.

Wapo watakaokufungulia waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, ambapo Paulo anazisifu nywele ndefu za mwanamke. Mimi si mwalimu wa Maandiko. Ila hao wanaoisoma sura hiyo kwa sauti kubwa, binti zao wamenyolewa shuleni, na sijasikia hata mmoja akilalamika. Tena sina hakika kama Paulo alikuwa akizisifu nywele za nailoni.

Hapo mwenzangu alicheka, kwa mara ya kwanza jioni ile. Kisha akaniuliza kama anyoe siku mume amesafiri, ili akirudi akute limekwisha. Nikamwambia hapana. Sikusema akaombe ruhusa. Kichwa ni chake na maumivu ni yake. Nilisema tu kwamba mume huyo amekwepwa miaka miwili bila kujua kosa lake, na akirudi safari akakuta mke mwenye kipara, atafikiri jambo jingine kabisa. Amwonyeshe kwanza kilichopo. Ya mkasi yafuate.

Alikaa na jambo hilo wiki mbili. Kisha akanieleza. Watoto walikuwa wamelala. Alivua kilemba, akakaa tu kitandani. Baba alinyamaza muda mrefu hata yeye akaanza kujuta. Halafu mume akauliza, "Inauma?"

Daktari alimwambia pembeni huenda nywele zikarudi, na kwamba mbele kabisa asitegemee sana. Alinyoa Jumamosi, akabakiza urefu wa punje ya mchele. Mume aliangalia, akasema masikio yake ni kama ya mama mkwe. Mtoto mdogo, wa miaka 3, alikataa kubebwa naye mpaka jioni.