Majivu Nayo ni Mali ya Mkulima

Wahenga walisema kuwa moto huzaa majivu, nao walikusudia kumkejeli mwana dhaifu aliyezaliwa na baba hodari. Hatuna ugomvi na wahenga. Lakini kuhusu majivu yenyewe, twaona kuwa wakati umewadia wa kuyaondolea dharau hiyo. Majivu ya viwandani mara nyingi huishia shimoni au katika lundo nyuma ya ukuta, na huku mkulima wa jirani aendapo dukani hununua kwa fedha sehemu ya kile kile kilichotupwa.

Tunywapo chai, wengi wetu hatukumbuki kuni. Majani mabichi yafikapo kiwandani hunyaushwa, hukatwa, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Na katika viwanda vyetu vya Mufindi, Njombe na Rungwe joto hilo limetegemea sana kuni za mikaratusi. Huko Njombe pia kampuni ya miwati ilijenga katika miaka ya 1990 mtambo wa megawati 2.5 wa kuzalisha umeme kwa kuchoma kuni na mabaki ya miti. Kuni husifiwa kuwa huota tena, tofauti na mafuta tunayoagiza ng'ambo. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni nusu tu ya habari. Mti huota tena iwapo udongo bado unacho cha kuulisha.

Mti unapoungua, naitrojeni yake karibu yote hupaa pamoja na moshi. Madini mengine yaliyovutwa na mizizi kwa miaka mingi hubaki katika majivu: chokaa kwa wingi, kisha potasiamu, pamoja na magnesi na fosforasi kidogo. Kilo 100 za kuni kavu huacha kiasi cha kilo 1 ya majivu, na zaidi kidogo magome yakiwa mengi. Ni haba, lakini tanuri la kiwanda halishibi kwa kilo 100.

Sasa tutazame udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya nyanda za juu za kusini ina udongo wenye uchachu, kwa kuwa mvua nyingi imeosha chokaa yake. Katika udongo wa namna hiyo maharage hudumaa, na mbolea ya chumvichumvi aliyoinunua mkulima kwa taabu haimpi faida yake yote. Dawa yake ni chokaa. Majivu ya kuni hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa kwa kawaida nguvu yake ni kama nusu ya chokaa ya shamba, nayo huongeza potasiamu, ambayo nchi yetu huipata kwa kuiagiza kutoka nje. Hatujasahau mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda duniani kote hata Serikali ikalazimika kuingia kati na kutoa ruzuku.

Huenda mtu akasema: kiwanda na kiyamwage majivu hayo katika mashamba yake ya chai. La, hasha! Chai ni mmea unaopenda uchachu. Wakulima wa chai wa Afrika Mashariki wamejua kwa muda mrefu kuwa pale palipokuwa na nyumba za kale, ambapo majivu ya jiko yalirundikana miaka nenda miaka rudi, michai hukataa kustawi. Basi kitu kile kile ambacho ni sumu kwa chai ya kiwanda ni tiba kwa maharage na mahindi ya jirani yake. Mara nyingi jirani huyo ndiye aliyeuza majani mabichi, na pengine ndiye aliyeuza kuni. Haki na elimu ya udongo hapa zaelekeza njia moja.

Wala hili si jambo geni duniani. Nchini Sweden, ambako miti na matawi huchomwa kwa wingi ili kupata joto na umeme, idara ya misitu imeshauri kuwa majivu safi yarudishwe msituni, hasa pale ambapo matawi nayo yamechukuliwa. Nchi hiyo ni tajiri, lakini haioni haya kuhesabu majivu.

Kwa hiyo twatoa rai. Kwanza, majivu yawekwe chini ya paa. Potasiamu huyeyuka upesi katika maji. Lundo likinyeshewa, mali hutiririka mtoni, na anayebaki nyuma huokota nusu yake. Pili, mabaki ya nguzo za umeme zilizotiwa dawa yasiingie kamwe katika tanuri hilo. Dawa inayotumika sana kwa nguzo ina shaba, kromi na aseniki, nayo haiteketei. Hubaki majivuni na kumfuata mkulima mpaka sahani yake. Tatu, mikataba ya kununua majani na kuni itamke wazi kuwa majivu ni ya wakulima, na chama chao cha ushirika kiyagawe. Likiachwa neno la mdomo tu kwamba ajaye na achukue, atakayechukua ni mwenye gari.

Najua gharama ya usafiri itatajwa, nasi twajibu kuwa lori lililoleta kuni hurudi kijijini tupu.

Bwana shamba naye ana kazi yake. Udongo upimwe kwanza, na kituo cha utafiti cha Uyole kipo. Majivu yakizidi huharibu shamba, yakichanganywa na urea hufukuza naitrojeni, na yakigusa ngozi yenye maji huunguza. Kwenye ardhi yenye magadi hayafai kabisa.

Tumezoea kuhesabu megawati na kilo za chai. Tuhesabu pia kile kinachotolewa ardhini na kisichorudi. Kiwanda kinachochukua kuni mwaka hata mwaka bila kurudisha majivu kinakopa kwenye udongo wa mkulima, na deni lisiloandikwa popote hulipwa na asiyelijua.