Morisi haikujengwa kwa kupendana

Sukari ya TPC ya Moshi unayokoroga kwenye chai yako ina mkono wa Morisi ndani yake. Tangu mwaka 2000 wawekezaji wa kisiwa hicho wana hisa nyingi kuliko serikali yetu katika kiwanda kile. Mwaka 2022 kampuni nyingine ya huko iliingia katika maduka ya Naivas nchini Kenya. Kwa hiyo siwashangai viongozi wetu wanaokwenda Port Louis kujifunza. Kinachonisumbua ni wanachorudi nacho: kodi nafuu, mabenki, watalii, viwanda vya nguo. Nimekaa Port Louis miaka mitatu nikifanya kazi ya uhasibu, na kila ninapowasikia naona wamesoma kitabu kuanzia katikati.

Mimi ni mtu wa Kilwa, na Morisi inanihusu kabla ya kazi ile. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Soko lake lilikuwa mashamba ya visiwa vya Wafaransa, Morisi ikiwa kimojawapo. Wengine wengi zaidi walitolewa Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Nikimwita Mkrioli wa kule, mzao wa watumwa hao, ndugu, simwiti hivyo kwa adabu tu.

Kisiwa kile hakikuwa na wenyeji. Kuna waliokwenda kwa hiari, Wafaransa wenye mashamba na baadaye wafanyabiashara wa Kichina na Waislamu wa Gujarat. Kuna waliofungwa minyororo. Na utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1835, vibarua wa Kihindi wakashushwa bandarini kwa maelfu, miaka nenda rudi. Wote hao katika kilomita za mraba zipatazo 2,000.

Na hawakupendana. Hili ndilo ambalo wajumbe wetu hawalisemi. Katika uchaguzi wa 1967 karibu asilimia 44 ya wapiga kura walikipa kura chama kilichopinga uhuru, wengi wao wakihofia kwamba uhuru ungekuwa wa Wahindu peke yao. Januari 1968, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, Wakrioli na Waislamu walikuwa wakiuana mitaani Port Louis hata askari wa Kiingereza wakaletwa kutoka Singapore. Mchumi James Meade, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alikuwa ameshaandika kwamba hali ya kisiwa kile ni ya kukatisha tamaa: watu wanaongezeka, kazi hakuna, zao ni moja tu, miwa.

Waziri mkuu wa kwanza, Seewoosagur Ramgoolam, angeweza kuyataifisha mashamba. Aliwaachia wenyewe, lakini sukari iliyotoka bandarini ikaendelea kutozwa kodi, na fedha za serikali zikaenda hospitalini, shuleni na kwenye pensheni ya kila mzee bila kuuliza ni wa jamii gani. Mwaka 1969 alimwingiza serikalini Gaëtan Duval, kiongozi wa wale waliopinga uhuru. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje. Wamorisi wenye asili ya China wakawatumia jamaa na marafiki zao wa Hong Kong kuleta mitaji na mashine. Bei ya sukari ilipopanda sana mwaka 1974, wenye mashamba nao wakaiweka faida kwenye viwanda vya sweta badala ya kuihamishia Ulaya yote. Waliokaa kwenye cherehani walikuwa wanawake wa kila jamii, kwa ujira mdogo kuliko wa wanaume. Wasisahauliwe.

Msomaji asidhani mambo yalikwenda kwa tabasamu. Baada ya mgomo wa wafanyakazi wa bandari mwaka 1971 ilitangazwa hali ya hatari, viongozi wao wakawekwa ndani, na uchaguzi haukufanyika mpaka 1976. Tarehe 20 Mei 1975 wanafunzi waliandamana kuelekea Port Louis, polisi wakawazuia kwenye daraja la Grande Rivière. Wale walikuwa watoto wenye sare za shule. Mwaka 1977 elimu ya sekondari ikawa bure. Kwa hiyo anayesema serikali ya Morisi iliwapa wananchi elimu, asimulie na habari za daraja lile.

Hii ndiyo sura ya kwanza tunayoiruka. Mtoto wa Kiislamu hakuhitaji waziri wa dini yake ili asome. Bibi wa Kikrioli hakuhitaji chama chake kishinde ili apate pensheni. Mtu akishindwa uchaguzi, anapoteza kura, hapotezi hospitali. Viwanda vilikuja juu ya msingi huo, navyo vikalipia sehemu kubwa ya gharama zake.

Lakini nimeishi kule, siwezi kuishia kwenye sifa. Saa sita mchana nilikuwa napanga foleni ya dholl puri karibu na soko kuu. Ni chapati laini, nyembamba, yenye dengu za njano zilizosagwa ndani yake, inauzwa mbilimbili, unaomba “enn per”, yaani jozi moja. Muuzaji anazipaka mchuzi wa maharage, rojo la nyanya na pilipili, anazikunja kwenye karatasi kabla hujamaliza kutoa sarafu. Mbele yangu mwanasheria mwenye tai, nyuma mama wa hijabu, pembeni kijana wa Kichina mwenye kofia ya pikipiki, wote wanaongea Krioli. Chakula cha vibarua wa Kihindi kimekuwa cha nchi nzima, na wanakipigania kwa Krioli, lugha iliyozaliwa utumwani. Ikifika jioni kila mtu anarudi mtaa wake na kuoa kwao.

Nilipotafuta nyumba, mwenye nyumba mmoja alinihakikishia kwenye simu kwamba chumba kipo wazi. Nilipofika getini akaniangalia, akasema kimechukuliwa asubuhi ile. Kibao cha “à louer”, yaani inapangishwa, nilikipita kila siku kwa wiki mbili kikiwa palepale. Sikuwa nimepatwa na hilo peke yangu. Wenzangu Wakrioli wa ofisini hata hawakushangaa.

Deni la maelewano yale ya Ramgoolam limeachwa kwa Wakrioli. Utumwa ulipokwisha, fidia walilipwa wenye watumwa. Ofisi za serikali zimejaa Wahindu, makampuni makubwa bado yana majina ya Kifaransa, na Mkrioli maskini hana mjomba huku wala kule. Februari 1999 mwanamuziki Kaya alifia mahabusu, mikononi mwa polisi, na kisiwa kikawaka moto siku kadhaa. Tume ya Ukweli na Haki ilitoa taarifa yake mwaka 2011 juu ya majeraha ya utumwa. Wajumbe wetu wakiletewa vitabu vya uwekezaji, waiombe na hiyo.

Na kuna fomu. Bunge la Morisi lina viti hadi vinane vya ziada kwa ajili ya jamii zilizopungukiwa wabunge, na ili vigawiwe, mgombea hutakiwa kutaja jamii yake: Mhindu, Mwislamu, Mchina, au Wananchi kwa Jumla. Kwenye kundi hilo la mwisho wamewekwa pamoja mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana wake. Mgawo unategemea sensa ya mwaka 1972, ya mwisho kuhesabu watu kwa jamii. Mwaka 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona kasoro katika kumlazimisha mgombea ajitaje kwa hesabu za zamani namna hiyo.

Siku hizi nawasikia watu wa hapa kwetu wakihesabu wateule kwa dini na kanda, na wengine wanataka hesabu hiyo iandikwe rasmi. Nawasihi waanze na shule, zahanati na pensheni isiyouliza jina la ukoo. Sensa yetu haijauliza kabila wala dini tangu ile ya mwaka 1967. Tuiache hivyo.