Kila Motere na Bidoni Yake

Ndugu mtumishi, na wewe mama unayemngojea nyumbani,

Angalia bidoni iliyo nyuma ya mlango wako. Ndani kuna esansi tupu, ama esansi iliyochanganywa na mafuta? Kama jibu lako ni “nadhani”, ukurasa huu ni wako.

Kutoka Butembo mpaka Beni motere ndogo zinatusaidia kila siku: pikipiki, grupu ya umeme, pompi ya kutoa maji shimoni, tronsonezi ya kupasulia mbao. Kwa macho zinafanana. Kwa namna ya kunywa mafuta hazifanani.

Motere ya mapigo manne inaweka mafuta yake tumboni, nawe unayapima kwa kijiti. Esansi yake ni safi. Pikipiki na grupu nyingi za leo ni za namna hiyo. Motere ya mapigo mawili, kama ya tronsonezi, haina akiba tumboni. Mafuta yanaingia pamoja na esansi. Ukiipa esansi tupu, pistoni inakauka, inakwaruza silinda, na motere inashikana.

Tena kuna zinazochanganya watu. Yamaha AG100 ni ya mapigo mawili, lakini ina tanki ya mafuta peke yake, na pompi ndogo inayapeleka yenyewe. Stihl ya Ujerumani nayo ilitengeneza motere ya 4-MIX: ina mapigo manne na valvu, lakini inakunywa mchanganyiko. Basi usihesabu mapigo tu. Soma kizibo cha tanki na kitabu cha mashine. Kikisema 1:50, lita 5 za esansi zinataka mililita 100 za mafuta ya mapigo mawili. Kikisema 1:25, mililita 200. Usikadirie kwa jicho, wala usitie mafuta machafu yaliyomwagwa katika pikipiki.

Mimi nasema: bidoni mbili, rangi mbili, maandishi makubwa. Mtoto anayetumwa kununua esansi barabarani aambiwe achukue ipi. Utasema bidoni ya pili ni gharama. Lakini pompi ikishikana wenzako wakiwa chini na maji yanapanda, utalipa nini?

Sasa neno lililo kubwa kuliko yote. Moshi wa bluu unatokana na mafuta yanayoungua. Motere nzima ya mapigo manne haiutoi, basi watu wanasema: “Hii ni safi, tuiteremshe shimoni.” Hapana! Monoksidi ya kaboni, sumu itokayo katika esansi inayoungua, haina rangi wala harufu, na motere zote mbili zinaitoa. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu analala asiamke.

Motere ikae nje, mbali na mdomo wa shimo, mahali upepo unapopeleka moshi upande mwingine. Mpira wa pompi ndio ushuke. Najua kwamba pompi ya juu inashindwa kuvuta maji yakiwa chini ya mita 7 hivi, na hapo ndipo watu wanapoiteremsha. Afadhali itafutwe pompi ya umeme ya kuzamisha majini, grupu ibaki juu.

Mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Zima motere, ita msaada, mvute kwa kamba.

Motere iliyokufa inapata nyingine sokoni. Baba wa watoto hapana.