Wanawake Waliosahauliwa wa Enzi ya Tudor

Mwalimu mwanafunzi akiulizwa ni wanawake gani wa enzi ya Tudor anaowajua, aghalabu atamtaja Elizabeth wa Kwanza na wake sita wa Henry wa Nane, nao atawapanga kwa namna walivyoachwa au walivyokufa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Lakini katika karne hii wametokea waandishi wa wasifu walioiacha njia hiyo. Leanda de Lisle ameandika habari za Jane Grey na wadogo zake wawili; Alison Weir alimwandika Margaret Douglas mwaka 2015; Nicola Tallis, Margaret Beaufort mwaka 2019.

Mtazameni huyo Margaret Douglas, mpwa wa Henry wa Nane, aliyezaliwa mwaka 1515. Mwaka 1536 alifungwa katika ngome ya Tower, London, kwa kufunga ahadi ya ndoa na Thomas Howard pasipo idhini ya mfalme. Howard alifia humo mwaka uliofuata. Mwaka 1565 Elizabeth alimfunga tena, kwa kuwa mwanawe alimwoa Mary, malkia wa Scotland. Mwandiko wake ungali umo katika daftari la mashairi lililozungushwa miongoni mwa vijana wa ikulu. Alifariki mwaka 1578. Mjukuu wake, James, alirithi ufalme wa Uingereza mwaka 1603, na kila mfalme na malkia aliyetawala huko tangu hapo ni mzawa wake. Hata hivyo vitabu vya shule, vikimtaja, humtaja kama mama wa fulani.

Mtoto wa kike anayesikia habari za namna hiyo mwaka baada ya mwaka hujifunza jambo ambalo mwalimu hakuliandika katika andalio la somo.

Faida kubwa ya vitabu hivi, kwa maoni yangu, ni mahali vinapochota habari. Daftari la matumizi ya Elizabeth wa York, mama yake Henry wa Nane, la mwaka 1502 hadi 1503, linaonyesha malkia aliyeshonesha viraka vya magauni yake na kuwatuza maskini waliomletea matunda na kuku. Hakuna hadithi ya vita inayomleta karibu nasi kiasi hicho. Kasoro ipo pia: ushahidi ukikatika, baadhi ya waandishi huziba pengo kwa “huenda” na “bila shaka alihuzunika”. Hapo msomaji hana budi kusimama.

Jaribuni zoezi hili katika mazoezi ya kufundisha. Ombeni kwa mwenyewe daftari kuukuu la duka au la michango ya harusi, mnakili mistari kumi ubaoni bila majina, kisha wanafunzi waeleze ni watu gani waliohusika. Yaliyoandikwa wayapigie mstari mmoja, wanayoyakisia, miwili. Darasa la tano huliweza vizuri, na mabishano huwa makali zaidi kwenye mistari miwili.