Mapumziko Nyumbani: Mbio za Sakafuni Huishia Ukingoni

Juma hili safu yetu inajibu barua ya mzazi mmoja, Mtanzania afanyaye biashara mjini Lilongwe, nchini Malawi. Mzazi huyo anatueleza kwamba mwanawe wa miaka 16 hucheza kwa mtandao, kila Jumamosi jioni, mchezo wa mapigano uitwao Tekken. Mpinzani wake wa kudumu ni kijana wa rika lake aliyeko Dzaleka. Vijana hawa walikuwa majirani mjini na walisoma darasa moja. Mwaka 2023, Serikali ya Malawi ilipowaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee kambini, familia ya yule wa pili, yenye asili ya Kongo ya mashariki, ilihamia Dzaleka. Tangu hapo mchezo huo ndio uwanja wao wa kukutania.

Malalamiko ya mzazi ni haya: mwanawe hushindwa karibu kila juma, kwa sababu mwenzake hataki kusimama apigane. Hurudi nyuma, hukwepa upande huu na upande huu, hungoja mwenzake akosee, kisha humwadhibu. Kijana wa Lilongwe hughadhibika, bando la intaneti huisha kabla ya wakati, na hasira hiyo huletwa mpaka mezani pa chakula. Tena, katika maneno ya utani wanayotupiana, amezoea kumwita mwenzake mkimbizi. Mzazi anauliza mbinu ya kumshinda mpinzani wa namna hiyo.

Tunaijibu barua hii hadharani kwa kuwa michezo ya aina hii imekwisha kuingia katika nyumba nyingi za askari na polisi wetu. Tutaanza na mbinu, kwa kuwa ndizo alizoomba. Lile neno la utani tutalirudia mwishoni, kwa maana nalo lina uzito wake.

Mchezo wenyewe

Kwa wazazi wasioufahamu, Tekken ulianzishwa nchini Ujapani na kampuni ya Namco mwaka 1994. Toleo la 8 lilitoka Januari 2024. Wapiganaji wawili hukabiliana, kila mmoja akiwa na mstari wa uhai unaopungua kila apigwapo. Duru humalizika mmoja aangukapo, au muda ukiisha. Kwa kawaida muda huo ni sekunde 60. Muda ukiisha, mwenye uhai mwingi zaidi ndiye mshindi.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo ufunguo wa yote, na ndiyo vijana wengi wanaoisahau. Kabla ya kupiga hatua moja, mchezaji yampasa ajiulize: nani anaongoza? Ikiwa wewe ndiwe unayeongoza kwa uhai, huna sababu ya kumfuata mtu anayekimbia. Saa inakufanyia kazi. Simama, jikinge, rudi nyuma hatua moja; yeye ndiye atakayelazimika kuja. Ikiwa yeye ndiye anayeongoza, hapo una kazi ya kumfuata, lakini hata hapo sekunde 30 ni muda mwingi kwa mtu aliyetulia. Aliye na papara huziona kama tatu.

Usikimbize, funga njia

Askari polisi hahitaji kufundishwa jambo hili. Mwizi wa sokoni hakamatwi kwa askari wawili kumfuata mgongoni. Mmoja humfuata na mwingine humngoja penye kichochoro cha kutokea. Na historia ya Malawi yenyewe inatupa mfano. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baadaye wakakaa katika sehemu mbalimbali za Malawi na kwetu Songea. Walikuja na mpango wa vita waliotoka nao kusini: kifua cha jeshi kilimkabili adui kwa mbele, na pembe mbili zikazunguka pande zote ili kumzibia mahali pa kutorokea. Kazi ya kifua haikuwa kufukuza. Kazi yake ilikuwa kumshughulisha adui pale alipo mpaka pembe zikutane.

Katika mchezo huu kijana yuko peke yake, hana pembe za kutuma. Pembe zake ni ukuta wa uwanja. Kwa hiyo asitembee moja kwa moja kumwelekea mpinzani, bali atembee kwa namna ya kumwelekeza kwenye ukuta. Mpinzani akikwepa kushoto, naye asogee upande huohuo kumzuia, asiruke mbele kumpiga. Hatua fupi mbele, kinga. Hatua fupi tena, kinga. Kila mpinzani arudipo nyuma anajipunguzia uwanja mwenyewe. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sijui kama iko methali inayouelezea mchezo huu vizuri zaidi.

Angalizo: vipo viwanja vya mchezo huu visivyo na kuta, ambamo mtu aweza kurudi nyuma bila kikomo. Marafiki wanaochagua uwanja kwa mapatano na wachague wenye kuta. Kumwinda mkwepaji katika uwanja usio na mpaka ni kujitafutia uchovu.

Akifika ukutani

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri waliyokwisha kuifanya. Wakimwona mpinzani amebanwa, huachia mapigo yote kwa pamoja, kisha huadhibiwa. Wazee wetu wanaikumbuka usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, Muhammad Ali alipokutana na George Foreman. Foreman alikuwa hodari wa kukata pembe za ulingo. Ali alitambua mapema kwamba kuzunguka kungemchosha yeye. Akaenda mwenyewe kwenye kamba, akajikinga, akamwacha Foreman apige. Foreman alipiga na kupiga hadi nguvu zikamwisha, na katika duru ya 8 akaangushwa. Foreman alikuwa amefaulu kuifunga njia; alichoshindwa ni kuzitunza ngumi zake. Kufunga njia ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kutopiga kabla ya wakati.

Basi mpinzani akiwa ukutani, simama hatua moja nje ya mahali ngumi yake inapofika. Hapo amebakiwa na mambo matatu tu, na kila moja lina jibu lake.

Kwanza, aweza kupiga. Pigo lake litapita hewani kwa kuwa uko mbali kidogo. Mpige kabla hajaurudisha mkono.

Pili, aweza kuponyoka kwa upande. Kila mpiganaji katika mchezo huu ana mapigo ya kuzunguka yanayomfuata mkwepaji, na katika orodha ya mapigo yametiwa alama. Kijana achague moja tu, alijue barabara, alitumie hapo.

Tatu, aweza kukaa na kukinga. Akikinga kwa kusimama, mkamate umtupe, au umpige teke la chini. Akichuchumaa, mpige pigo la kati, kwa kuwa anayechuchumaa hawezi kulizuia.

Kuhusu kuruka nyuma, jambo moja zaidi. Arukaye nyuma hupita katika kitambo kifupi sana ambamo hawezi kujikinga. Pigo refu la kati likitumwa katika kitambo hicho humpata. Lakini hutumwa kwa kukisia atakachofanya. Kumwona ndipo umpige ni kuchelewa. Hilo linatupeleka kwenye hesabu.

Hesabu ya jicho na mtandao

Michezo ya mapigano huonyesha picha 60 kwa kila sekunde. Jicho la mwanadamu likiona kitu na kidole kikaitika, hupita kiasi cha robo ya sekunde au pungufu kidogo, yaani picha 12 hadi 15. Mtandao nao huongeza ucheleweshaji wake: ukichelewa kwa sehemu 1 ya 10 ya sekunde, hizo ni picha 6 nyingine. Jumlisha, utaona kwamba mkwepaji amekwisha kuondoka kabla kidole chako hakijagusa kitufe. Kwa hiyo anayesubiri kuona amechelewa. Anayejua mazoea ya mwenzake ndiye afikaye kwa wakati.

Na kila mkwepaji ana mazoea. Yuko arukaye nyuma mara mbili kisha akapiga teke. Yuko akwepaye daima upande wa kulia. Yuko anayekaa kimya mpaka apigwe mara moja, ndipo apagawe. Polisi wajua thamani ya kijitabu cha mfukoni. Mzazi na ampe mwanawe daftari la shule, aandike baada ya kila pambano mambo matatu tu: mpinzani alikwepa upande gani, alipiga lini, na alifanya nini alipofikishwa ukutani. Baada ya Jumamosi tatu, daftari hilo litamfaa kuliko hasira za mwaka mzima.

Yafaa pia kukumbuka kwamba si kila kurukaruka ni ukwepaji. Mtandao ukiyumba, mpiganaji huonekana ametoka hapa akatokea pale, naye mwenyewe hana habari. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kati ya kilometa 40 na 50 kutoka Lilongwe. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Katika miaka ya karibuni imekuwa na zaidi ya 50,000. Si ajabu kijana wa huko kucheza kwa intaneti ya simu inayogawanywa na wengi. Kabla ya kumlaumu mwenzako, mwulize hali ya mtandao wake.

Kuokoa bando

Mazoezi ya mambo haya hayahitaji intaneti. Mchezo una sehemu ya mazoezi ambamo mpinzani wa mashine aweza kurekodiwa akiruka nyuma na kukwepa, kisha akarudia hivyohivyo. Nusu saa ya mazoezi hayo Jumatano na Ijumaa itafanya kazi kubwa kuliko mapambano 20 ya hasira usiku wa Jumamosi. Na iwe sheria ya nyumba: akishindwa mara tatu mfululizo, padi inawekwa chini, anakunywa maji, anasoma daftari lake. Apiganaye kwa hasira hulipa mara mbili, kwa uhai wa mchezo na kwa fedha za mzazi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Wala asidhani kwamba mwenzake anayengoja hajui kupigana. Mwaka 2019, Mpakistani Arslan Siddique, maarufu kwa jina la Arslan Ash, alitwaa ubingwa wa Tekken katika mashindano ya EVO nchini Ujapani, na mwaka huohuo katika EVO ya Las Vegas, Marekani. Sifa yake kubwa ni kujikinga na kuadhibu makosa. Kabla ya hapo wachezaji wa kwao hawakuwa wakihesabiwa, maana visa na nauli viliwazuia kufika kwenye mashindano. Hapa Afrika Mashariki, Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya UYU mwaka 2018 kwa ustadi wake katika mchezo huohuo. Kijana aliye nyuma ya mipaka ya kambi aweza kuwa na ustadi ambao ulimwengu haujapata nafasi ya kuuona. Aliyebahatika kucheza naye kila Jumamosi amepata mwalimu bila ada.

Lile neno la utani

Sasa turudi kwenye neno tuliloliahirisha. Katika pambano, kurudi nyuma ni mbinu halali kama ngumi ilivyo. Jeshi lolote hufundisha namna ya kurudi nyuma kwa utaratibu, na kamanda asiyejua kurudi nyuma huwamaliza watu wake. Kwa hiyo hata kwa kanuni za mchezo peke yake, kumdhihaki mwenzako kwa kukwepa ni kukiri kwamba umeshindwa kumzuia.

Lakini neno mkimbizi, likitamkwa kwa kijana wa Dzaleka, halihusu mchezo. Askari wetu waliokwenda Kongo mwaka 2013, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa pamoja na wenzao wa Malawi na Afrika Kusini, wanazijua njia ambazo watu hupita na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Waliokimbia siku hizo hawakuwa waoga. Walikuwa baba na mama walioamua kwa dakika chache nini cha kubeba na nini cha kuacha, na kwa uamuzi huo watoto wao wako hai leo. Kijana anayeitwa mkimbizi kwa dhihaka, kila Jumamosi, na rafiki aliyewahi kukaa naye dawati moja, atavumilia kwa muda. Siku moja hatawasha mashine. Hapo mwana wa Lilongwe hatakuwa na wa kumkwepa wala wa kumshinda.

Ushauri wetu kwa mzazi ni kwamba Jumamosi hii, kabla pambano halijaanza, mwanawe amsalimu mwenzake, aulizie hali ya nyumbani kwao, na amwombe radhi kwa neno lile. Halafu wachague uwanja wenye kuta, na afunge njia taratibu kama tulivyoeleza. Akishinda, amshukuru. Akishindwa, aandike katika daftari.

Juma lijalo safu hii itaeleza jinsi ya kupanga saa za michezo ya mashine katika nyumba ambamo baba au mama yuko zamu ya usiku. Barua zenu zinakaribishwa.