Mbolea Hununuliwa Siku ya Mavuno

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mkulima na karani hulijua wote wawili, ingawa kila mmoja hudhani ni aibu yake peke yake: fedha huja siku moja, na haja yake huja siku nyingine.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ndugu yangu mkubwa hulima ekari mbili za mahindi nyumbani kwetu. Mwaka mmoja, tulipokuwa pamoja kwa Krismasi, nilimwahidi ya kwamba nitampelekea fedha za mbolea mvua za masika zikianza. Ahadi ile ilitoka moyoni. Lakini mshahara wa Januari ulikwenda katika karo, wa Februari katika matanga, na mahindi yalipofika kimo cha goti mimi nilikuwa nikikopa nauli ya basi. Mahindi yakageuka manjano. Ndugu yangu hakunilaumu, ila aliniuliza, "Kumbe hata wewe mwenye mshahara?" Neno lile liliniuma kuliko lawama.

Nilikumbuka habari hiyo niliposoma kazi ya wataalamu watatu wa uchumi, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, waliochunguza maisha ya wakulima wa Busia, magharibi ya Kenya, wakatangaza matokeo yao mwaka wa 2008 na wa 2011. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019 kwa ajili ya njia yao ya kuchunguza umaskini. Njia yenyewe yaeleweka upesi. Hawakuketi afisini wakikisia. Walipiga kura, wakulima wengine wakapewa nafasi fulani na wengine wasipewe, kisha wakalinganisha makundi hayo mawili. Kwa kuwa kura haina upendeleo, tofauti iliyoonekana haikuweza kuitwa bahati ya wenye bidii.

Kwanza walitaka kujua kama mbolea yaleta faida. Katika mashamba ya wakulima wenyewe waliona ya kuwa nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo kilileta faida ya kiasi cha shilingi 70 kwa kila shilingi 100, ikihesabiwa kwa mwaka. Lakini, nami nasema haya nikiwa mtumishi wa Serikali, mashauri kamili ya Wizara ya Kilimo, yaani mbegu bora pamoja na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, hayakumletea faida mkulima wa kawaida wa huko. Mavuno yaliongezeka, lakini gharama nazo ziliongezeka zaidi. Basi kipimo kidogo si cha kudharauliwa.

Jambo la pili ndilo la kushangaza. Wakulima walioiona faida hiyo kwa macho yao waliulizwa kama watatumia mbolea msimu uliofuata. Karibu wote, 98 katika kila 100, walisema watatumia. Msimu ulipofika, waliotumia walikuwa 37 tu katika kila 100. Wahenga walikwisha sema: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Je, wale wengine walikuwa waongo au wavivu? La. Walikuwa kama mimi. Walikusudia kununua baadaye, na baadaye ilipofika fedha zilikuwa zimekwisha.

Ndipo wataalamu wakajaribu jambo dogo. Mara baada ya mavuno, mjumbe alifika nyumbani kwa mkulima akamwambia: nunua mbolea leo kwa bei ile ile ya dukani, nasi tutakuletea bila malipo ya uchukuzi, nafasi hii ni ya siku chache tu. Jambo hilo dogo liliongeza matumizi ya mbolea karibu sawa na kupunguza bei kwa nusu wakati wa kuitia shambani. Fikirini, ndugu zangu. Nusu ya bei ni mzigo mzito kwa hazina yoyote. Kumfikia mtu siku aliyo na fedha ni kazi nyepesi.

Kwa muda mrefu masikini ameambiwa ya kwamba hajui, na kwa hiyo afundishwe. Wakulima wa Busia walijua. Walichokosa ni mlango uliofunguliwa saa ifaayo.

Nasi tusingoje mjumbe. Siku utakapouza magunia yako, pitia dukani kabla ya kufika nyumbani, ununue mbolea ya msimu ujao, hata kama ni kilo chache. Iweke juu ya mbao, mahali pakavu, na mfuko ufungwe vizuri. Fedha iliyo mfukoni husikia kila anayebisha hodi, lakini mbolea iliyo ghalani haiombwi na mtu.

Na wewe karani mwenzangu, ukimwahidi ndugu yako, mpe siku ya mshahara. Mimi siku hizi hununua mbolea mwezi wa Desemba na kwenda nayo nyumbani juu ya basi. Ndugu yangu hucheka anaponiona nikishuka na gunia badala ya zawadi za Krismasi, lakini hulipokea kwa mikono miwili.