Mkono na Kichwa Vinajuana Wapi?



Siku moja nilienda kumwona kijana mchimbaji hapa Rubaya. Jiwe lilimpiga kichwani, upande wa kushoto. Aliamka, akasema, akala. Lakini mkono wa kuume ulikataa kushika nyundo. Jamaa walikuwa wakibishana. Wengine walisema amelogwa, sababu jiwe halikugusa mkono hata kidogo. Mama yake akaniuliza: «Pasta, mkono na kichwa vinajuana wapi?»

Mama, vinajuana kwenye mfereji. Ubongo umekunjwa kama kitenge kinachosukumwa ndani ya mfuko mdogo. Karibu theluthi mbili za uso wake zimefichwa ndani ya mikunjo. Mfereji mmoja unaanza juu, katikati ya kichwa, unashuka kuelekea upande wa sikio, kuume na kushoto. Waganga wanauita mfereji wa kati, ao wa Rolando, kwa jina la munganga wa Italia, Luigi Rolando (1773–1831). Ukingo wa mbele unatuma amri: inua, shika, tembea. Ukingo wa nyuma unapokea habari: hii ni moto, hii iko na makali. Na nyuzi nyingi za amri zinavuka upande wa pili karibu na shingo. Basi kushoto kukiumia, kuume kunalegea. Hakuna mlozi hapo.

Kila kiungo kiko na shamba lake kando ya mfereji ule: mguu juu, mkono katikati, uso chini. Mwaka 1937 Penfield na Boldrey, huko Montreal, walitoa ramani yake. Waligusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme kidogo, wagonjwa wakiwa macho, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. (Mimi nisingekubali!) Mgongo, unaobeba magunia ya koltani kutwa nzima, uko na kipande kidogo tu. Vidole na midomo vimepata mashamba makubwa.

Mtu akipigwa kichwani, kisha mkono ukalegea, ao akatapika tena na tena, ao usingizi ukawa mzito, msingoje kesho. Damu inaweza kuwa inakusanyika ndani ya fuvu. Mbebeni shingo ikiwa imenyooka, mpelekeni hospitali siku ile ile.

Kijana wetu walimpeleka siku ya tatu. Nyundo bado. Lakini sehemu za ubongo zilizobaki nzima zinaweza kujifunza kazi ya jirani, pole pole. Kila asubuhi bibi yake anamwaga maharagwe juu ya mkeka, naye anayaokota kwa mkono ule, moja moja. Juma lililopita nilihesabu naye: kumi na nne.